Kutoka Kangemi hadi Kisumu: Umbali wa Angani na Umbali wa Barabarani

Umbali kati ya Nairobi na Kisumu hutajwa kwa tarakimu mbili. Ya kwanza ni ile ya barabara, ambayo kwa njia ya Naivasha, Nakuru na Kericho hufikia takriban kilomita 350. Ya pili ni ile ya angani, ambayo ikipimwa kutoka katikati ya jiji moja hadi katikati ya jingine ni kilomita 264 hivi, nayo hupimwa kwa mstari ambao wanajiografia huuita mstari wa duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote inayoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili. Tarakimu ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili hutoa 1.3 na ushei, na hesabu hiyo, ambayo inaweza kuitwa uwiano wa mzunguko kwa kuwa huonyesha kadiri barabara inavyozunguka kuliko mstari ulionyooka, ina maana kwamba kwa kila kilomita tatu za angani gari halina budi kwenda kilomita nne.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaichukulia Nairobi kuwa nukta moja. Nukta yenyewe ipo, tena inaonekana kwa macho: katika makutano ya Kenyatta Avenue na Koinange Street, mwendo mfupi kutoka Posta Kuu, umesimama mnara uliojengwa mwaka 1939 kwa kumbukumbu ya Lionel Douglas Galton-Fenzi, mwasisi wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki mwaka 1919, anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwaka 1926. Mnara huo, wenye maandishi yanayotaja miji na umbali wake, kwa desturi ndio uhesabiwao kuwa kilomita sifuri ya jiji, na umati unaovuka barabara hapo kila asubuhi huupita pasipo kuinua macho. Wanaosafiri kwenda magharibi ya Kenya, hata hivyo, ni wachache mno wanaoianza safari yao penye mnara huo. Wengi huianza Kangemi, Kawangware, Uthiru, Kinoo, Dagoretti au Kikuyu, vitongoji vilivyojipanga upande ule ule ambako Kisumu iko, na kwao kila mojawapo ya zile tarakimu mbili hubadilika, moja ikipungua na nyingine ikiongezeka.

Sababu ya mabadiliko hayo imo katika ardhi yenyewe. Wahandisi wa Reli ya Uganda walipofika mahali hapa Mei 1899, waliamua kuweka bohari na karakana kwa kuwa palikuwa mahali pa mwisho penye ardhi tambarare kabla ya reli kuanza kupanda nyanda za juu. Mashariki yake ulienea uwanda wa Athi, na magharibi yake ardhi iliinuka kwa migongo mirefu iliyotenganishwa na mabonde membamba ya vijito, ambayo mpaka leo ndiyo inayoamua barabara ya Kabete, Loresho au Kangemi ipite wapi. Tambarare ile ile iliyoivuta reli ndiyo iliyouvuta uwanja wa ndege. Uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la mahabusu wa vita vya Mau Mau na kufunguliwa mwaka 1958, ambao tangu 1978 huitwa Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, ilhali barabara ya magharibi ikifika Limuru imekwisha kupita mita 2,200. Ndege huhitaji ardhi iliyolala, na ardhi iliyolala iko mashariki. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mlango wa angani wa kwenda Kisumu umefunguliwa upande wa jiji ulio mbali zaidi na Kisumu.

Tofauti hiyo inaweza kupimwa. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Kisumu mstari wa duara kuu una kilomita zipatazo 280, au maili za bahari 151, kipimo ambacho marubani hukitumia na ambacho kila maili yake moja ni mita 1,852. Kutoka uwanja mdogo wa Wilson, ulio kando ya Lang'ata Road na ambao pia huhudumia baadhi ya safari za ndani, mstari hupungua hadi kilomita 270 hivi. Katikati ya jiji, kama ilivyotajwa, ni 264. Kwa mkazi wa Kangemi mstari huo ni kilomita 256 tu. Anayetoka Kangemi kwenda kupanda ndege Embakasi, kwa hiyo, huianza safari yake kwa kujiongezea zaidi ya kilomita 20 za angani, na ili azipate nyongeza hizo hana budi kwanza kuvuka jiji zima kwa barabara, mwendo usiopungua kilomita 25, akiwa ameipa Kisumu kisogo.

Namna anavyovuka hutegemea uwezo wake. Mwenye gari au teksi huingia Nairobi Expressway karibu na James Gichuru Road, mahali ambapo barabara hiyo ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27 na iliyofunguliwa kwa umma Mei 2022, hukomea upande wa magharibi baada ya kutoka Mlolongo. Hapo hulipa kwa kadiri ya aina ya gari na umbali, kisha hupita juu ya Westlands, juu ya Museum Hill na kando ya Uhuru Park, akiyatazama chini yake magari yaliyosongamana Uhuru Highway na Mombasa Road, na kwa nusu saa au zaidi kidogo huwa amefika langoni kwa uwanja. Asiye na uwezo huo hupanda matatu hadi katikati ya jiji, hushuka, hutembea na mzigo wake hadi stejini pa matatu za namba 34, na kutoka hapo huenda kwa njia ya chini, ambayo asubuhi ya siku ya kazi inaweza kummeza saa moja na nusu. Wakazi wa Kikuyu na Dagoretti wana njia ya tatu, ile ya Southern Bypass, barabara ya mchepuo yenye kilomita zipatazo 28 inayotoka Gitaru, ikapita Dagoretti na kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi mpaka Mombasa Road. Nayo huwaepusha na kitovu cha jiji, japo haiwaepushi na kule kurudi nyuma.

Ndege yenyewe huendeleza mwelekeo huo kwa dakika chache zaidi. Kwa kuwa upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki, na ndege huruka vyema zikiukabili upepo, nyingi hupaa zikielekea kaskazini-mashariki, upande wa Ruai, kisha hugeuka na kurejea magharibi. Abiria aliyekaa dirishani anapoliona jiji tena chini yake huwa anavitazama vitongoji alivyotoka alfajiri. Baada ya hapo kazi hufanyika haraka: ndege za mapangaboi aina ya Dash 8-400, ambazo hutumiwa na Jambojet, kampuni iliyoanza safari zake Aprili 2014, zinaweza kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa, hata umbali wote ungemalizika kwa nusu saa kama ndege isingehitaji muda wa kupaa na kuteremka. Ratiba huandika chini ya saa moja kidogo. Ndiyo saa hiyo ambayo watu huitaja wanaposema kwamba Kisumu ni karibu kwa ndege, na ni kweli, ila huwa wamehesabu kipande kimoja tu cha safari.

Msafiri wa barabara ana hesabu nyingine. Ofisi nyingi za mabasi ya magharibi ziko katikati ya jiji, kuzunguka River Road, Accra Road na maeneo ya stesheni ya reli, kwa hiyo mkazi wa Kangemi anayefuata tiketi yake huko naye hurudi nyuma kilomita tisa au kumi, kisha hupandishwa tena Waiyaki Way akapita mbele ya nyumba yake. Wengi wamekwisha kuikataa adha hiyo. Hupiga simu, hulipa kwa M-Pesa, na huambiwa wasubiri Kangemi, Uthiru au Kinoo, ambako basi litawachukua njiani. Kangemi hasa, mtaa ambao kwa miaka mingi umekaliwa na watu wengi wenye asili ya Kakamega, Vihiga na Bungoma, umekuwa kituo cha safari za mbali pasipo kujengewa kituo. Jioni za Ijumaa ukingo wa barabara hujaa mizigo: godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya manila, masanduku ya bati ya wanafunzi, mifuko mikubwa ya plastiki yenye miraba, jiko jipya ambalo mtu anampelekea mamaye. Wakala mwenye kitabu cha tiketi mkononi huwapanga abiria kwa sauti, akitaja Kisumu, Mbale, Kakamega, na basi linaposimama injini haizimwi. Makanga hufungua buti, mizigo husukumwa ndani, watoto hupokewa kwa mikono kupitia mlangoni, na dakika tatu baadaye basi limeondoka.

Jambo hili halina budi kusemwa waziwazi, kwamba ni dosari ya mipango na si tabia mbaya ya abiria wala ya madereva. Serikali ya jiji imejaribu zaidi ya mara moja kuyatoa mabasi ya masafa marefu katikati ya Nairobi, nayo majadiliano hayo yamekuwa yakiongozwa zaidi na haja ya kupunguza msongamano wa kitovu kuliko na swali la msingi, yaani wasafiri wanatoka wapi. Wale wa magharibi wanatoka magharibi. Kituo chenye paa, vyoo, taa na nafasi ya basi kuegesha nje ya barabara, kikiwekwa popote kati ya Kangemi na Gitaru, kingewapunguzia maelfu ya watu kilomita ambazo hazikupaswa kuwamo katika safari yao, na kingewatoa kina mama na watoto kwenye ukingo wa barabara kuu ambayo malori hupita kwa kasi usiku na mchana.

Barabara hiyo, kuanzia Museum Hill, ndiyo Waiyaki Way, iliyopewa jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekamatwa na maofisa wa kampuni ya Kiingereza katika eneo hili hili la Kabete na Dagoretti, akafa Kibwezi mwaka 1892 alipokuwa akipelekwa pwani. Miaka michache baada ya kifo chake ilipitishwa huku njia ya mikokoteni ya Kapteni Sclater, iliyotoka Kibwezi kuelekea Ziwa Viktoria kupitia Ukikuyu, kwa hiyo uelekeo ambao mabasi huufuata leo ulikwisha kuchaguliwa kabla reli haijafika. Sehemu ya kutoka James Gichuru Road hadi Rironi, kilomita 25 hivi, ilipanuliwa kwa ujenzi ulioanza mwaka 2017 na kuchukua muda mrefu kuliko ulivyokusudiwa, na sasa ina madaraja ya juu na barabara za pembeni ambazo zimebadilisha maisha ya Kangemi na Uthiru. Matatu za namba 105 za Kikuyu hushuka na kupanda hapa kutwa. Kila mgongo unaovukwa huwa juu kuliko uliotangulia, hewa hupoa, mashamba ya mahindi na nepia huanza kuonekana nyuma ya majengo ya ghorofa, na ilhali tarakimu za kilomita zinaongezeka polepole, mwinuko huongezeka kwa zaidi ya mita 500 kati ya katikati ya jiji na Limuru.

Rironi ndipo njia zinapogawanyika. Ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikipita kando ya kanisa dogo la Kikatoliki ambalo mateka wa Kitaliano walilijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipokuwa wakiichonga barabara hiyo kwenye ubavu wa mlima; ya juu hufuata Limuru na Kimende, ikabaki juu ya ukingo kwa muda mrefu kabla ya kuteremka Kinungi kuelekea Naivasha. Ukingo huu ndio chanzo kikuu cha ule uwiano wa 1.3. Mstari wa angani hulivuka bonde pasipo kulijali, bali barabara hulazimika kutafuta mahali pa kushukia, kisha ikaelekea kaskazini-magharibi kufuata sakafu ya bonde hadi Nakuru, kisha ikatafuta tena mahali pa kuupanda ukuta wa pili, ule wa Mau. Reli ilipata shida kubwa zaidi. Kabla madaraja ya ukingoni hayajakamilika, mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali, na njia iliyofika Kisumu Desemba 1901 ilikuwa imezunguka kiasi kwamba kutoka Nairobi hadi ziwani ilikuwa na zaidi ya kilomita 400, ndefu kuliko barabara ya leo.

Ukingo una gharama nyingine, nayo haimo katika jedwali lolote la umbali. Aprili 2024, mvua kubwa zilipokuwa zikinyesha, maji yaliyokuwa yamezuiwa chini ya tuta la reli juu ya Mai Mahiu yalipasua njia usiku na kuwachukua makumi ya watu, na barabara ya chini ikafungwa. Palipofungwa njia moja, magari yote yaligeukia nyingine. Ndivyo inavyokuwa pia kila Desemba, familia zinapoelekea mashambani kwa Krismasi: foleni huanzia Kinungi au Gilgil, huweza kurudi nyuma hadi karibu na Limuru, na safari ya saa saba hugeuka kuwa ya usiku kucha. Mpango wa kuipanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, ambao mkataba wake wa kwanza na kampuni za Ufaransa ulitiwa saini mwaka 2020 kisha ukavunjwa, ulizinduliwa upya mwishoni mwa 2025 kwa wajenzi wengine, na kwa watu wa magharibi ni vigumu kutaja kazi ya barabara inayongojewa kwa hamu zaidi.

Kutoka Naivasha mwendo huwa mwepesi. Nakuru iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, na baada yake barabara hupanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, kisha hushuka Londiani na Kericho katikati ya mashamba ya chai. Ni sehemu nzuri kwa macho na yenye huzuni kwa kumbukumbu, kwa kuwa mteremko mrefu umewaua wengi. Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliparamia wachuuzi na magari yaliyokuwa yamesimama, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Mabasi ya abiria hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na tangu kanuni za mwaka 2004, ambazo Wakenya huziita sheria za Michuki kwa jina la waziri aliyezisimamia, hutakiwa kuwa na kidhibiti mwendo. Kwa kasi hiyo, hata kama basi lisingesimama popote, kilomita 350 zingechukua saa nne na dakika zaidi ya 20. Kwa hali halisi, pamoja na mapumziko Nakuru, msongamano wa mijini na milima, huchukua saa saba au nane, na dakika za mwisho hutumika kuteremka hadi uwanda wa Kano, kupita Ahero penye mashamba ya mpunga, na kuingia Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, mita 500 na zaidi chini ya Nairobi.

Wasafiri wawili wakiondoka Kangemi saa kumi na mbili asubuhi, mmoja kwa ndege na mwingine kwa basi linalomchukua hapo hapo mtaani, wa ndege hutumia saa moja au zaidi kufika Embakasi, saa moja na nusu uwanjani kwa ukaguzi na kusubiri, chini ya saa moja angani, na nusu saa kutoka uwanja wa Kisumu hadi mjini, kwa hiyo huwa amefika kabla au karibu na saa nne na nusu. Wa basi hufika saa saba au saa nane mchana. Ndege imeshinda, lakini imeshinda kwa saa tatu au nne, wala si kwa zile saa saba ambazo ratiba humfanya mtu azifikirie. Na kadiri mtu anavyokaa magharibi zaidi ndivyo tofauti inavyopungua: mkazi wa Limuru, ambaye amekwisha kupanda sehemu kubwa ya mlima wa kwanza akiwa bado kitandani, akiwa na gari lake mwenyewe na barabara ikiwa tupu, anaweza kuwa amevuka Nakuru kabla jirani yake aliyeelekea Embakasi hajaitwa kupanda ndege.

Safari ya kurudi huongeza jambo ambalo ile ya kwenda hulificha. Ndege ya jioni kutoka Kisumu hulipita Bonde la Ufa, huvipita vitongoji vya magharibi, na hutua mashariki ya jiji wakati ambao wafanyakazi wote wa Nairobi wanatoka kazini wakielekea makwao. Abiria wa Kangemi, Uthiru na Kikuyu hulazimika kuufuata mkondo huo huo, pamoja na maelfu ya wengine, kupitia Westlands na Waiyaki Way. Katika jioni ya mvua, kilomita 25 za kutoka uwanjani hadi nyumbani zinaweza kumchukua muda mrefu kuliko zile 280 alizozipita hewani.